Baiskeli ya Mlemavu Yataka Fundi, Siyo Sherehe Tu

Ipo picha moja ambayo msomaji wa magazeti ya nchi yetu ameizoea kiasi cha kutoitazama mara mbili. Mgeni wa heshima amesimama katikati ya uwanja, mkono wake mmoja ukiwa juu ya baiskeli mpya ya magurudumu matatu. Juu ya baiskeli hiyo amekaa mlemavu, mwanamume au mwanamke, akiwa amevaa nguo zake za siku ya sala. Kiti bado kimefungwa nailoni ya dukani, na nyuma yao limetandazwa bango lenye jina la mfadhili. Wote wanatabasamu. Picha hizo sisi wenyewe tumezichapa, na kwa hilo hatuombi radhi, kwani atoaye kwa moyo safi anastahili kuonekana.

Lakini ipo picha ya pili ambayo hatujapata kuichapa. Ni ya baiskeli ile ile baada ya misimu michache ya mvua. Imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, cheni imeshika kutu, gurudumu moja la nyuma limeng'olewa, na kuku wanatagia juu ya kiti. Mwenyewe yumo ndani, amekaa mkekani, mahali pale pale alipokuwa kabla ya kuja kwa mgeni wa heshima. Hakuna mpiga picha anayetumwa huko, wala hakuna hotuba inayosomwa. Leo twapenda kuizungumza picha hiyo ya pili, kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo nchi yetu, pamoja na jirani zake, imekuwa ikilipita pembeni kwa muda mrefu.

Kwanza chombo chenyewe. Wengi wetu tumekiona kikipita, lakini ni wachache walioinama wakakichungulia. Baiskeli ya mlemavu ina magurudumu mawili nyuma na moja mbele, na kati ya yale mawili huwekwa kiti chenye egemeo. Badala ya pedali za miguu kuna pedali za mikono, zilizoinuliwa mpaka mbele ya kifua cha mpandaji. Azizungushapo, cheni hulivuta gurudumu la mbele, na kwa mikono hiyo hiyo huligeuza gurudumu hilo kushoto au kulia. Ziko nyingine ambazo cheni yake huvuta gurudumu la nyuma, na nyingine zenye mtaimbo wa kusukuma na kuvuta mahali pa pedali. Nyuma ya kiti au chini yake hubaki nafasi ya mzigo. Wala wazo hili si la jana. Stephan Farffler, mtengeneza saa wa mji wa Nuremberg huko Ujerumani, ambaye mwenyewe alikuwa mlemavu, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kuendeshwa kwa mikono katikati ya karne ya 17, zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya babu wa baiskeli ya kawaida kuonekana barabarani. Yaani mlemavu alitangulia kupanda, nasi wenye miguu tukafuata.

Anayetaka kujua chombo hicho hufanya nini katika maisha ya mtu, na aende Busia. Mji huo, uliokaa pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya, ni miongoni mwa miji iliyozaa boda-boda. Hapo, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana walianza kuwapakia abiria kwenye baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine, na jina la kazi yao likatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Katika mji huo wa magurudumu walemavu nao hawakubaki kuwa watazamaji. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika maandishi yao yaliyotolewa mwaka 2007, walieleza jinsi watu waliopooza miguu walivyozigeuza baiskeli zao za mikono kuwa vyombo vya mizigo, wakivusha bidhaa kati ya Kenya na Uganda, na jinsi maofisa wa forodha walivyokuwa wakiwaachia wapite bila kuwabana. Mtu aliyekuwa akihesabiwa mzigo nyumbani kwao akawa ndiye mbeba mizigo ya wengine.

Mambo ya namna hiyo yalionekana kwa miaka mingi pia katika vivuko vya mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville. Walemavu walipunguziwa nauli na kulegezewa ushuru, na baiskeli zilizopakiwa hata mpandaji asionekane zikawa jambo la kawaida bandarini. Katika jiji hilo hilo la Kinshasa lilizaliwa kundi la muziki la Staff Benda Bilili, ambalo wengi wa wanamuziki wake waliugua polio utotoni. Santuri yao ya mwaka 2009 ilipowatangaza ulimwenguni, pamoja na sauti zao zilienea picha za baiskeli zao za magurudumu matatu, zilizochomelewa na mafundi wa mji wao wenyewe. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili la mafundi, kwa maana tutalirudia.

Wako wanaonung'unika kwamba biashara ile ya mpakani ilikuwa magendo matupu, na kwamba ulemavu uligeuzwa kuwa pazia. Hatusemi kwamba hakuna aliyeitumia vibaya huruma ya forodha. Twasema tu kwamba magendo makubwa yaliyoifilisi nchi yetu katika miaka iliyopita hayakubebwa kwa pedali za mikono. Tena huruma siyo sheria, maana afisa mmoja huitoa leo, na mwenzake huiondoa kesho asubuhi. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi mwaka 2005, ukawekwa na utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo ambao bidhaa zao hazizidi thamani ya dola 2,000, na tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, mlemavu ana njia ya kuvuka kwa haki yake kama mwananchi mwingine yeyote. Faida ya kuachiwa imepungua. Kilichobaki ni chombo chenyewe. Kama kinatembea, mwenye nacho yumo sokoni, na kama kimelala, hayumo.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya lugha yetu. Hata leo utasikia watu wazima, tena wenye elimu, wakiwaita ndugu hawa "wasiojiweza". Twamwalika yeyote atumiaye neno hilo aketi juu ya baiskeli ya mikono, apakie gunia, kisha apande nayo mlima mmoja tu wa Kampala. Akifika juu tutamsikiliza.

Hesabu ya wanaohusika si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu, lilikadiria kwamba katika kila watu mia moja mmoja huhitaji kiti cha namna hiyo. Sensa yetu ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46. Kwa kipimo hicho, basi, watu zaidi ya laki nne hapa nchini wanahitaji kiti au chombo kingine cha magurudumu. Mwaka 2022 Shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa taarifa kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa kimoja au zaidi cha kuwasaidia, kuanzia miwani hadi viti vya magurudumu, na kwamba karibu bilioni moja kati yao hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaopata ni 3 tu katika kila 100 wanaohitaji.

Wala tusijidanganye kwamba haja hii itakwisha yenyewe. Ni kweli kwamba wengi wa wapandaji wa baiskeli za mikono ni watu wazima walioachiwa miguu dhaifu na polio, na ni kweli pia kwamba virusi vya asili vya ugonjwa huo vilitangazwa kutoweka katika Afrika mwezi wa Agosti 2020, ushindi ambao wauguzi wetu waliupata kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Lakini wako waliokatwa miguu kwa mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita vya kaskazini. Wako wanaovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka mitini, au katika ajali za barabarani, na katika hizo pikipiki za boda-boda zina fungu lao kubwa. Kizazi kimoja cha wapandaji kinazeeka, na kingine kinatoka mahospitalini.

Sasa tuirudie ile picha ya pili. Baiskeli ilifikaje ukutani? Mara nyingi haikuwa kwa uvivu wa mwenyewe, wala kwa uhaba wa fedha peke yake. Tuseme mwenye baiskeli yuko kijijini, kilometa kumi kutoka mji mdogo. Tairi limepasuka. Kama gurudumu lake ni lile la inchi 28, la baiskeli nyeusi tunazozijua sote, ambazo wakulima hubebea ndizi, basi tairi lipo katika kila duka la vipuri, na fundi wa chini ya mwembe atalifunga kabla chai haijapoa. Lakini kama baiskeli ilitoka ng'ambo ikiwa na magurudumu ya kipimo kisichouzwa hapa, tairi hilo moja litafutwe Kampala, au lisipatikane kabisa. Mwenye miguu, baiskeli yake ikiharibika, huisukuma hadi kwa fundi. Mlemavu ataisukumaje? Chombo ambacho kingempeleka kwa fundi ndicho kilichoharibika. Jirani akiwa na nafasi, ataibeba kichwani siku ya soko. Akikosa nafasi wiki hii na wiki ijayo, mvua huanza, kutu huingia, na kuku hupata mahali pa kutagia.

Kwa sababu hiyo twashikilia kwamba swali la kwanza la kuuliza kuhusu baiskeli ya mlemavu siyo bei yake, wala uzuri wa rangi yake, wala nchi ilikotoka. Swali ni nani ataitengeneza, na yuko wapi. Chombo kilichochomelewa hapa nyumbani kwa mabomba ya chuma ya kawaida, kikafungwa cheni, spoki, rimu na gololi za baiskeli ya kawaida, kinaweza kuwa kizito, na kikaonekana kikavu mbele ya kile kinachong'aa kutoka kwenye meli. Lakini kikivunjika shingo, mchomeleaji yeyote wa milango na madirisha atakiunga.

Hili siyo wazo la magazeti tu. Mhandisi Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alifika Nicaragua mwaka 1980 akakuta vijana walemavu wakitumia kiti kimoja kwa zamu, nao walikuwa wamekwisha kukifanyia marekebisho yao wenyewe. Tangu hapo alitumia miaka yake kufundisha watu wa nchi nyingi, na Afrika Mashariki ikiwamo, kuunda viti kwa vyuma na vipuri vinavyopatikana mahali walipo, na walimu wake wakubwa, kwa maneno yake na ya wenzake, walikuwa watumiaji wa viti hivyo. Hapa Kampala, katika miaka ya 1990, walikuwako wanawake walemavu waliofungua karakana yao, wakakata chuma na kuchomelea wao wenyewe, jambo ambalo hata wanaume wasio na ulemavu walikwenda kulitazama kama sinema. Kenya wana karakana za chama chao cha walemavu wa viungo, kilichoanzishwa mwaka 1958, na zile za Bombolulu karibu na Mombasa. Tanzania wana chuo cha mafundi wa viungo bandia huko Moshi, kilichoanza mwaka 1981 kando ya hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara letu, na ufundi wa viti vya magurudumu ni mmoja wa ule uliofundishwa hapo. Ujuzi, basi, uko kwetu. Haukuenea tu hadi vijijini.

Fundi aliye karibu hufanya zaidi ya kuziba pancha. Tuchukue jambo la milima. Nchi yetu siyo tambarare, na mara nyingi mwenye baiskeli ya mikono hulazimika kutafuta mtoto wa kumsukuma. Mtoto huyo, saa hizo, angepaswa kuwa wapi? Watoto wangapi wameacha daftari ili wawe miguu ya wazazi au wajomba zao, hatujui kwamba kuna aliyekaa akawahesabu. Lakini wajuao baiskeli wanajua pia kwamba uzito wa kupanda hutegemea meno. Ukiweka gurudumu la meno machache kwenye pedali na lile la meno mengi kwenye gurudumu linalovutwa, mwendo utakuwa wa polepole lakini mkono utakuwa mwepesi. Badiliko hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Linahitaji fundi anayemjua mpandaji, anayeujua na mlima wake, na aliyeambiwa kwamba jambo hili linawezekana. Ndivyo ilivyo na breki, ambazo katika baiskeli nyingi za mikono ni kasoro ya kutisha. Mpandaji aliyepakia mzigo, mikono yote miwili ikiwa kwenye pedali, akiteremka mteremko wenye kona, yuko katika hatari ya kupinduka, kwa kuwa chombo chenye gurudumu moja mbele hulala upesi upande wa nje wa kona. Breki ya pili nyuma, na kiti kilichoshushwa kidogo, huweza kuwa tofauti kati ya kufika na kutofika. Ndivyo ilivyo pia na kifuniko cha cheni, ambacho wengi hukiona kama pambo. Waulizeni akina mama wanaovaa gomesi.

Jambo jingine ni mwili wa mpandaji. Katika sherehe za kukabidhi, baiskeli zote huwa za kipimo kimoja, kana kwamba walemavu wote walizaliwa siku moja. Mtu aliyeugua polio bado anahisi akikaa vibaya, naye hujisogeza. Aliyevunjika uti wa mgongo hahisi. Akikalia ubao mtupu kwa saa nyingi hupata vidonda kwenye makalio bila kujua, na vidonda hivyo huingia ndani hadi mfupani na kuua. Huyu, kabla ya baiskeli, anahitaji mto mzuri wa kukalia na mtu wa kumfundisha jinsi ya kujiinua kila mara. Mwongozo wa mwaka 2008 tulioutaja ulipanga hatua nane za kumpatia mtu kiti cha magurudumu. Miongoni mwake ni kumpima, kukirekebisha kiti kimfae, kumfundisha kukitumia, na mwisho kabisa kukitengeneza kiharibikapo na kumfuatia nyumbani. Sherehe haimo katika hatua hizo nane.

Wala baiskeli ya mikono siyo dawa ya kila mlemavu. Haiingii chooni wala haipiti katika mlango wa nyumba nyingi, kwa hiyo mwenye nayo bado anahitaji kiti cha ndani au magongo. Aliyepoteza mguu mmoja aweza kupanda baiskeli ya kawaida. Mghana Emmanuel Ofosu Yeboah, aliyezaliwa na mguu wa kulia usiofaa kazi, alivuka nchi yake kwa baiskeli karibu kilometa 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000, akikanyaga kwa mguu mmoja, na watu waliotoka kumshangilia njiani wakaanza kuwatoa nje watoto wao waliokuwa wamefichwa. Kipofu naye hupanda ile baiskeli ya watu wawili, mwenzake akiongoza mbele. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mashindano ya baiskeli yalianza mwaka 1984, na yale ya baiskeli za mikono mwaka 2004 huko Athens, ambako vyombo ni vyepesi na mpandaji hulala chali karibu na lami. Twawapongeza wanamichezo hao. Lakini kwetu baiskeli ya mikono bado ni kama jembe, na hatutaki msomaji achanganye mambo hayo mawili.

Tumewataja watoto waliofichwa, nasi hatuwezi kupita bila kusimama hapo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza hapa nchini mwaka 1997, ukiwa kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, iliagizwa kwamba mtoto mlemavu awe miongoni mwa wa kwanza kuhesabiwa. Ilikuwa siasa njema. Lakini mtoto asiyeweza kutembea hafiki shuleni kwa kuandikwa jina lake tu. Mama humbeba mgongoni akiwa na miaka sita, na saba, na nane. Afikapo miaka kumi mgongo wa mama unakataa, na masomo yanakwisha hapo, kimya kimya, bila mwalimu kumfukuza wala mzazi kumkataza. Kwa mtoto huyo kigari kidogo cha magurudumu matatu, kinachoweza kurefushwa akuapo, ndicho kitabu cha kwanza.

Sheria zetu hazina haya ya kuonyeshwa. Katiba ya mwaka 1995 yatambua haki na heshima ya watu wenye ulemavu. Bungeni wana viti vitano, na katika mabaraza ya wilaya wana wajumbe wao, mwanamume na mwanamke. Nchi yetu iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 20 chadai kwamba vyombo vya kumwezesha mtu kwenda atakako vipatikane kwa bei anayoiweza, na mafunzo ya kuvitumia yatolewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 imefuata njia hiyo. Tatizo ni pale maandishi yakutanapo na mfereji ulio wazi mbele ya ofisi ya wilaya, na ngazi tano za zahanati, na ukingo wa barabara uliojaa pikipiki zilizoegeshwa hata mwenye magurudumu matatu alazimike kuteremka kwenye njia ya malori.

Liko na jambo la ushuru, ambalo twaomba wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitazame. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imevisamehe ushuru vifaa vilivyoundwa maalumu kwa ajili ya walemavu. Ni sheria ya utu. Lakini bomba la chuma halikuundwa maalumu kwa walemavu, wala cheni, wala spoki, wala tairi la inchi 28. Hivyo, baiskeli iliyokamilika kutoka ng'ambo hupita mpakani bila ushuru, na ile inayochomelewa na fundi wetu hubeba ushuru ndani ya mifupa yake, isipokuwa apate msamaha kwa njia nyingine ambayo mwenye karakana ndogo mara nyingi hana karani wa kumtafutia. Hatuombi mlango ufungwe kwa wafadhili. Twaomba fundi wa nyumbani asiadhibiwe kwa kuwa karibu.

Twawaomba pia maofisa wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mabaraza ya wilaya, watazame ruzuku maalumu ambayo Serikali imekuwa ikivipa vikundi vya walemavu. Vikundi vingi hununua mbuzi, kuku au viti vya kukodisha harusini, na biashara hizo si mbaya. Lakini katika kila wilaya kikundi kimoja kikisaidiwa kufungua karakana ya baiskeli, chenye mashine ya kuchomelea, akiba ya cheni na gololi, na kijana mmoja au wawili waliofundishwa kupima mwili wa mpandaji, wilaya hiyo itakuwa imepata kitu ambacho meli haiwezi kukileta. Karakana hiyo itaziba na pancha za wenye miguu, nao watalipa. Na wafadhili, tukiruhusiwa kuwashauri watu tusiowalipa, wangeweza kutoa baiskeli nane badala ya kumi, na bei ya zile mbili wakaiweka kwa fundi kwa matengenezo ya miaka mitatu. Bango litakuwa na picha ndogo zaidi. Litavumilika.

Kwa upande wetu tumekwisha kukubaliana katika chumba cha habari. Tukialikwa tena kwenye sherehe ya kukabidhi baiskeli, tutakwenda, na picha ya mgeni wa heshima itachapwa kama kawaida. Lakini mwandishi wetu ameagizwa aulize, mbele ya watu wote, fundi ni nani na tairi linauzwa duka gani, na jibu litachapwa chini ya picha. Baada ya mwaka mmoja atarudi katika kijiji kile kile, bila kualikwa, amtafute mwenye baiskeli. Kama yuko sokoni, tutampiga picha akiwa sokoni. Kama baiskeli iko ukutani, tutaichapa ilivyo, pamoja na kuku wake.